Kitufe cha Ng': Kutoka Kalamu ya Tete hadi Kibodi

Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711. Barua hizo zilifika mikononi mwa Wareno waliokuwa Msumbiji, na hatimaye zikahifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sisi wa Rufiji tunaweza kuzionea fahari kidogo, kwani Kilwa ni jirani: ukitoka kwenye delta ukaifuata pwani kwenda kusini, unafika.

Ninazitaja kwa sababu ya jambo ambalo sisi washairi hulipita haraka. Kila mwandishi wa Kiswahili, tangu huyo wa Kilwa hadi wewe unayesoma hapa, ameandika kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine. Tofauti ya zama na zama imekuwa moja tu: je, mwandishi aliruhusiwa kukirekebisha chombo chenyewe, au alilazimika kuirekebisha lugha yake ikikubali chombo?

Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala ng'. Kina alama tatu za irabu fupi, fat-ha, kasra na dhumma, ilhali sisi tuna irabu tano. Waandishi wa kale walitumia walichonacho. P iliandikwa kwa ba, v ikaandikwa kwa fa; e ikashirikiana na i alama moja, na o ikashirikiana na u. Kwa hiyo neno lile lile karatasini liliweza kusomwa fua au vua, kuku au koko, baba au papa. Wageni wengi walioandika juu ya jambo hili walilihesabu kuwa ulemavu wa maandishi yetu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Utenzi ulikaa kifuani kabla ya kukaa karatasini, na karatasi ilikuwa mkumbushaji wa mtu aliyekwisha kuujua. Aliyejua kwamba mshororo unazungumzia papa wa baharini hakuhitaji nukta tatu kumwambia kuwa huyo si baba.

Ubaya ni kwamba kifua huzikwa na karatasi hubaki peke yake.

Waliolitambua hilo mapema walikuwa wenyeji wenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikawa zinatembea midomoni mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, ndiye aliyezikusanya na kuziandika, na katika kuziandika alitia alama za ziada juu ya herufi za Kiarabu ili sauti za Kimvita zionekane. Tungo hizo zilipita kwa mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha. Bila kalamu ya Mwalimu Sikujua tungekuwa na jina la Muyaka na sifa zake, basi. Baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alipendekeza herufi za nyongeza, na baadaye kabisa Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi London, akaunda utaratibu makini unaotenganisha hata t ya meno na t ya ufizi, na p yenye mpumuo na p isiyo nao. Nusu ya hayo hayaonekani kabisa katika Kiswahili tunachokichapa leo. Sote tunaandika paa, awe ni mnyama au ni la nyumba. Wenye masikio ya Kimvita huyasikia maneno hayo kuwa mawili.

Watu hawa hawakuhitaji idhini ya fundi yeyote. Mtu mwenye kalamu ya tete na wino wa masizi akitaka nukta tatu chini ya ba, anaziweka. Chombo kilikuwa kitiifu. Hata sisi tuliopitia chuo cha Kurani tukiwa watoto, na ubao wa kufutwa kwa maji, tulikiona kitu ambacho mtoto wa leo mwenye simu hakioni: herufi ikizaliwa mkononi mwa mwandishi mwenyewe.

Herufi za Kilatini zilikuja na wamisionari na zikakazwa na serikali. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilitoka 1870, alichukua konsonanti kama Mwingereza azisomavyo na irabu kama Mwitaliano. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ndio unaotuwezesha hadi leo kusoma neno tusilolijua bila kulikosea. Wajerumani hapa Tanganyika mwanzoni walipokea barua za majumbe na maakida kwa herufi za Kiarabu, kisha wakazidi kutaka za Kilatini. Gazeti la Kiongozi lilianza kutoka Tanga mwaka 1904 kwa herufi hizo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikaanza kazi.

Hapo ndipo inapoingia herufi ninayotaka kuizungumzia hasa. Katika miaka ile ile, wataalamu wa Ulaya wakiongozwa na Diedrich Westermann walikuwa wakipendekeza herufi maalumu kwa lugha za Kiafrika, ikiwemo ŋ kwa sauti tunayoianza nayo tunaposema ng'ombe. Waewe wa Ghana na Togo waliichukua, na wanayo hadi leo. Kiswahili hakikuichukua. Kilibaki na n, na g, na ritifaa. Sisemi kwamba taipureta peke yake ndiyo iliyoamua hivyo, maana vitabu vingi vilikuwa vimekwisha kuchapwa kwa mtindo wa zamani. Lakini hebu itazame tahajia yetu nzima: ch, sh, th, dh, gh, kh, ny, ng'. Hakuna hata alama moja ambayo mashine ya karani wa Kiingereza haikuwa nayo. Ndugu zetu Wagikuyu na Wakamba waliochagua ĩ na ũ wanaijua gharama ya kufanya kinyume. Ni mara ngapi umeona majina yao yakichapwa bila vile viwimbi vya juu, kwa sababu tu kitufe chake hakikuwepo?

Taipureta ilitoka Marekani. Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee walipata hataza mwaka 1868, kampuni ya Remington ikaanza kuziuza 1874, na mpangilio wa safu ya juu inayoanza na Q, W, E, R, T, Y ukazaliwa katika miaka hiyo. Kwa nini herufi zilipangwa hivyo, wanahistoria bado wanabishana: wengine husema ni kuzuia nyundo za herufi zisikwamane, wengine husema ni kuwaridhisha wapokezi wa simu za maandishi. Linalotuhusu ni kwamba katika ubishi wote huo Kiswahili hakimo. Lugha iliyopimwa ni Kiingereza.

Nimetunga sentensi ya kawaida ili tuipime: Watu wa Mloka walivuna mpunga na mahindi kandokando ya mto. Ina herufi 49. Kati ya hizo, a ni 11. E, ambayo ndiyo inayotawala Kiingereza, haimo hata mara moja. Sasa weka mikono yako juu ya kibodi na utazame a ipo chini ya kidole gani. Ipo chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo kuliko vyote. Herufi inayofanya kazi kubwa kuliko zote katika lugha yetu amekabidhiwa mtoto. Kidole kidogo cha kulia nacho kimekalia nuktamkato, alama ambayo mtu anaweza kuandika diwani zima bila kuigusa. Q na X hazina kazi kabisa, na C haitembei bila H.

Ng' ndiyo iliyoumia zaidi. Katika taipureta nyingi za zamani ritifaa ilikuwa juu ya tarakimu 8. Ili kuandika ng'ombe, mpiga chapa aliandika n, akaandika g, kisha akabonyeza kwa kidole kidogo kile kitufe kizito cha herufi kubwa, akakishikilia, akanyoosha mkono hadi safu ya tarakimu, akarudi. Sauti moja ya mdomo ikawa kazi nne za mikono. Sisi tulioandaa mitihani kwa kupiga stenseli na kuizungusha kwenye saiklostaili tunajua kilichofuata: ritifaa ilikuwa inaachwa. Kwenye stenseli ilikuwa na balaa la ziada, kwani ukiigonga kwa nguvu inatoboa tundu na kutoa doa la wino. Mwanafunzi alipewa karatasi yenye ngombe na ngambo, akasoma ng'ombe na ng'ambo, na hakuna aliyeshtuka.

Kwenye ushairi lazima mtu ashtuke. Ngoa ni hamu au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa mfano: Njoo unikate ngoa. Mizani nane, na maana yake ni ya mapenzi: njoo unikidhi hamu. Itie ritifaa moja na mpenzi anaombwa akate na kung'oa. Hesabu tena mizani: bado ni nane. Kina ni kile kile, oa. Silaha zote mbili tunazozitegemea kukamata kosa la mpiga chapa, yaani kina na mizani, hapa zimelala usingizi. Mhariri asiyelijua neno ngoa, na siku hizi hao ni wengi, ataongeza ritifaa kwa nia njema kabisa na kuliharibu shairi. Na mwingine ataiondoa mahali ilipokuwa haki yake.

Kompyuta ilipokuja tulidhani shida imekwisha. Ritifaa sasa ina kitufe chake, na hakuna nyundo za kukwamana. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijitahidi sana kuifundisha mashine Kiswahili. Mradi wao wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, miaka ambayo watu bado walikuwa wanabishana kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Lakini vitufe vilibaki vilevile alivyoviacha Sholes. Na ritifaa ikapata ugonjwa mpya. Programu za kuandikia huigeuza kuwa alama ya kunukuu iliyopinda, bila kumwuliza mwenyewe. Kwa macho yetu ng'ombe ni ng’ombe. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili. Tafuta moja katika diwani la kurasa mia mbili, na la pili halitaonekana.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Pana kibodi za aina ambayo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, tofauti na hizi za kawaida zenye utando wa mpira chini. Ni nzito, zina mlio, na mtu aliyezoea taipureta huzipenda papo hapo. Ndani ya kila kibodi mna chipu ndogo, na ndani ya chipu mna programu dhibiti, yaani programu inayokaa humo daima na kuamua nini kitokee kidole kinapobonyeza. Kwa kibodi nyingi programu hiyo imefungwa kiwandani. Kwa nyingine unaweza kuitoa na kuweka uliyoiandika mwenyewe. Mjapani Jun Wako aliandika moja ya aina hiyo iitwayo TMK na kuiweka huria. Kutokana nayo Mmarekani Jack Humbert akaanzisha QMK, ambayo leo watu wengi wa nchi nyingi huiendeleza kwa pamoja na haina bei.

Kabla sijaeleza kazi yenyewe, jambo moja lieleweke, kwa maana lilinishangaza. Kibodi haitumi herufi. Hutuma namba. Kitufe cha A hutuma 4, cha N hutuma 17, cha G hutuma 10, cha ritifaa hutuma 52. Ni kompyuta inayoamua kwamba 4 ni a. Ukiibadilisha kompyuta kwenye mpangilio wa Kiarabu, hiyo hiyo 4 inakuwa ش. Mchoro uliopo juu ya kitufe ni pambo tu. Miaka yote ile niliyowafundisha vijana kwamba a ni a, mashine ilikuwa inasema nne.

Nilipata kibodi ya mtumba ya aina hii, ikaletwa kwa basi hadi hapa Mloka, na kijana mmoja anayetengeneza simu akakubali kunisaidia. Mafundi wa simu kazi hii huiita kufulashi. Hatua zake si nyingi. Kwanza unatambua jina kamili la kibodi na aina ya chipu yake, kwa kuwa programu ya kibodi moja haiingii nyingine. Kisha unafungua faili la mpangilio, ambalo ni orodha ya vitufe safu kwa safu, na kubadilisha unachotaka. Kompyuta inaikusanya orodha hiyo kuwa programu moja ndogo. Hapo unaiweka kibodi katika hali ya kupokea. Nyingine zina kitundu cha kubonyeza nyuma, nyingine huchomekwa huku umeshikilia kitufe cha Esc. Unatuma, unasubiri sekunde chache bila kugusa waya, na kibodi inaamka ikiwa na akili mpya. Umeme ukikatika hakuna la kuogopa: kompyuta mpakato ina betri yake, na kibodi inakula kutoka humo. Hata waya ukichomoka katikati, kwa kawaida ile sehemu ndogo ya chipu inayopokea programu haiguswi, na unaanza upya.

Tulibishana zaidi juu ya lugha kuliko juu ya ufundi. Kijana alipendekeza kwamba nikibonyeza n na g kwa pamoja, itoke ng'. QMK inaliweza hilo: vitufe viwili vikibonyezwa ndani ya milisekunde 50, inavihesabu kuwa amri moja. Ni wazo zuri kwa macho. Lakini mtu mwenye vidole vyepesi anayeandika ngoma huzipiga n na g karibu kwa pamoja, na atapata ng'oma. Tungekuwa tumeihamisha aibu ya stenseli na kuigeuza kinyume.

"Mwalimu, tupunguze muda basi," akasema.

Nikamwambia tuitafutie ng' nyumba yake yenyewe, isiwe mpangaji kwa n na g. Tulichagua kitufe cha nuktamkato, chini ya kidole kidogo cha kulia, kisichokuwa na kazi. Sasa nikikibonyeza mara moja, kibodi inatuma 17, 10, 52 zikifuatana, na karatasini panatoka ng'. Nikishikilia kitufe cha herufi kubwa, n peke yake ndiyo inayokua: Ng'. Hili la pili liliongeza kazi, kwa kuwa programu isipoelekezwa hukuza zote tatu na kutoa alama ya kunukuu mahali pa ritifaa. Nuktamkato yenyewe tumeihamishia tabaka la pili, ambalo hufunguka kwa kushikilia kitufe kilichopo karibu na kidole gumba, na haijalalamika.

Kijana alitaka tuende mbali zaidi, tupange upya herufi zote. Upo mpangilio maarufu wa August Dvorak, uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, ambao huweka irabu zote tano kwenye safu ya kati chini ya mkono wa kushoto. Ukifikiri upesi, utasema umetengenezwa kwa ajili yetu. Silabi zetu ni wazi, konsonanti kisha irabu, kwa hiyo mikono ingepokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Lakini tazama k imewekwa wapi: mkono ule ule wa kushoto, pamoja na j, p na y. Lugha yenye ka, ki, ku, ya na yenye viambishi vya namna hiyo kila neno la pili ingekuwa inatwanga kwa mkono mmoja nusu ya wakati. Dvorak naye alikuwa anapima Kiingereza. Mpangilio wa Kiswahili hasa mimi bado sijauona, na kijana mwenye subira ya kuhesabu herufi katika maandishi mengi anaweza kuuandika bila kumwomba mtu kiwanda. Vidole vyangu vimezeeka katika mpangilio wa Sholes na nimeviacha humo. A imebaki na mtoto wake.

Lakini ng' haikuwa sababu pekee ya kutafuta kibodi hii. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, na watu walihamisha chakula na watoto kwanza, kama ilivyo haki. Makasha yalifuata baadaye au hayakufuata. Mzee mmoja ninayemfahamu alianika juu ya mkeka karatasi za baba yake: kasida, dua, hesabu za mirathi, na beti kadhaa za utenzi, zote kwa herufi za Kiarabu. Kwenye baadhi ya kurasa wino ulikuwa umekwisha kutawanyika. Tunajua kwamba katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi ya namna hii kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa 1970. Lakini mkusanyaji huenda kwenye miji yenye sifa ya ushairi, na kasha la bondeni hubaki kwa mwenye kasha.

Kunakili maandishi hayo kunataka mambo mawili kwa wakati mmoja. Kunataka msomaji ambaye bado anajua kwamba pale palipoandikwa fua mtungaji alikusudia vua, na msomaji huyo ana umri wa miaka themanini na ushei. Na kunataka chombo kinachoandika herufi zote mbili bila kumkalisha mzee akisubiri. Kwa picha za simu tunahifadhi sura ya karatasi, nalo ni jema, lakini picha haisomi.

Kevin Donnelly alikwisha kututangulia katika hili. Aliunda Andika!, jumla ya programu huria za kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kugeuza maandishi kutoka herufi hizi kwenda zile, ukiwemo mpangilio wa kibodi. Mimi nimetumia njia ya kifukara zaidi. Tabaka la tatu la kibodi yangu lina herufi nne tu ambazo mpangilio wa Kiarabu wa kompyuta yangu hauna: پ kwa p, چ kwa ch, ڤ kwa v na گ kwa g. Kila moja ina namba yake katika Yunikodi, na kibodi inaiandikia kompyuta namba hiyo upesi kuliko mkono wa mtu. Kwenye Linux jambo hili kwa kawaida linakwenda lenyewe. Kwenye Windows linahitaji programu ndogo ya msaada. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kibodi peke yake inatosha. Kibodi hupeleka namba, na upande wa pili lazima awepo wa kuzielewa.

Mzee anasoma kwa sauti, mimi naandika mshororo kwa Kilatini, kisha nafungua tabaka la Kiarabu na kuuandika kama ulivyo karatasini. Hapo ndipo kuna ubishi ambao programu dhibiti haiwezi kuumaliza. Baba yake mzee kwenye kurasa za mwanzo aliweka nukta tatu chini ya ba alipotaka p. Kurasa za mwisho hakuziweka. Je, nimsahihishe? Mzee anasema nizitie nukta, baba alichoka tu. Mimi nasema tunakili alichoandika na tuache mshororo wa Kilatini useme alichokusudia, maana mwanafunzi wa kesho atataka kujua hata mahali mkono ulipochoka. Walionakili miswada yetu kwa ajili ya Wazungu wa zamani walisahihisha kimyakimya mara nyingi, na leo hatujui tena kipi ni cha mtungaji na kipi ni cha mnakili. Tumekubaliana kwa muda: anayeandika ni mimi, basi nukta hazitiwi, na pembeni ya kila neno la namna hiyo ninaweka alama ndogo.

Alama hiyo nimeipa kitufe cha Q. Mzee ameniuliza X itafanya kazi gani. Anataka iandike ile t ya meno ambayo mama yake, mtu wa Mombasa, aliitamka na sisi hatuitamki. Bado tunatafuta tuiandike kwa herufi ipi.